Mtoto haishi kwa kusubiri

Wengi husema familia zilizokimbia vurugu za Djugu, mashariki mwa Kongo, zikaja mji wa Bunia zisijisumbue na mpango wa muda mrefu, maana kesho zitarudi kijijini. Siafiki. Vurugu hizo zilianza tena Desemba 2017; mtoto aliyezaliwa mwezi ule alitimiza miaka 6 Desemba 2023, umri wa darasa la kwanza. Utoto mzima wa mapema umepita huku wakubwa wakihesabu siku za kurudi! Kwa hiyo familia ikipata chumba mtaani Mudzipela au hema katika kambi ya Kigonze, naona la kwanza liwe kumrudishia mtoto mwendo wa siku: saa ya uji, saa ya kulala, mahali pa kucheza anapopajua, na jirani anayemwita kwa jina. Mtoto mdogo hupima usalama kwa yale yanayojirudia, si kwa ukubwa wa nyumba. Tena, aliyezoea lugha ya Kilendu nyumbani hujifunza Kiswahili cha mjini haraka zaidi akicheza na wenzake uani kuliko akifungiwa ndani.

Nitaambiwa mama anayetoka alfajiri kutafuta kibarua hana nafasi ya ratiba. Ni kweli, na uchovu ule haudharauliki. Lakini ratiba hii haidai fedha, inadai watu wazima wapokezane: bibi, shangazi, jirani. Shule ndiyo ngumu zaidi. Serikali ilitangaza elimu ya msingi bure kuanzia Septemba 2019, ila sare na madaftari bado hununuliwa, na hapo ndipo makanisa na wenyeji wa mtaa wanaweza kusaidia kabla muhula haujaanza.