Uhusiano Mwema Wasomwa kwa Lugha Gani?

Nilikuwa Majengo, Pumwani, nimekaa barazani baada ya sala ya alasiri, binti wa ndugu yangu aliponijia na bahasha kwapani. Asomea shahada ya pili, na somo alilolichagua ni lile liitwalo uhusiano mwema. "Ami," akasema, "niangalizie maswali yangu." Nikayaangalia. Yalikuwa thelathini na manane, yote kwa Kiingereza, na watakaoulizwa ni wenye nyumba na wapangaji wa mitaa hii ya mashariki ya Nairobi: Majengo, Shauri Moyo, Kaloleni na Ziwani.

Nikamwuliza, "Mwanangu, nani atakayekujibu?"

Nakiri kwamba kazi hiyo sikuipenda tangu zamani. Sisi waandishi wa habari tulimwona afisa uhusiano mwema kuwa ni mtu wa kutukirimu chai na sambusa ili tusiulize sana. Kwamba mtu aende chuo kikuu, amalize shahada ya kwanza, kisha aongeze miaka mingine ajifunze kuyapamba makosa ya bwana mkubwa, niliona ni hasara ya ada. Lakini binti huyu aliniachia vitabu vyake, nami nikavisoma, na haki yataka niseme nilichokikuta.

Nilikuta kwamba wenye fani wenyewe wameziona aibu zake. Ivy Lee, aliyekuwa mwandishi wa habari Marekani, alitangaza mwaka 1906 kwamba atawapa magazeti habari za kweli, bila kuficha. Akaja Edward Bernays, mpwa wa Sigmund Freud, ambaye mwaka 1929 aliwapanga wanawake wavute sigara hadharani mjini New York siku ya Pasaka, ionekane kuwa ni kudai uhuru, kumbe nyuma yake yupo mwuza tumbaku. Mwaka 1984 James Grunig na mwenziwe Todd Hunt wakazipanga kazi hizo mafungu manne. La chini kabisa ni kupiga debe tu. La juu ni mazungumzo ya pande mbili yenye mizani, ambapo mkubwa naye hukubali kubadilika kwa alilolisikia.

Hilo la nne sisi watu wa pwani twalijua kwa jina jingine. Ni ushenga. Mshenga hupeleka neno na hurudi na neno, na akirudi na "hapana" huileta kama alivyopewa. Apelekaye barua na kugeuka nyuma ni tarishi.

Basi nasema kisa kimoja. Ofisi moja, sitaitaja, ilibandika tangazo milangoni hapa mtaani. Lilikuwa kwa Kiingereza, lina muhuri na saini, na lilitaka kila mwenye chumba ajiandikishe kabla ya siku kumi na nne kupita. Bibi mmoja mjane, aliyezaliwa katika nyumba hiyo hiyo yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, alidhani ni habari ya maji. Alipojua maana yake siku ilikuwa ya kumi na saba. Aliyeliandika tangazo lile huenda ana shahada kuliko huyu binti wetu.

Wala si jambo la jana. Pumwani ilianzishwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika wa Nairobi wakusanywe mahali pamoja. Kijiji cha Pangani kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenye nyumba wakapelekwa Shauri Moyo. Kila nipitapo hapo jina hilo hunipigia masikioni: shauri hukuulizwa na mtu, kashauriane na moyo wako.

Leo tuna Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 7 chakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 35 champa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufunza uandishi wa habari mwaka 1970, na chama cha watu wa uhusiano mwema nchini kiliundwa mwaka 1971. Zaidi ya nusu karne! Bado mwanafunzi wa shahada ya pili aja Majengo na maswali ambayo bibi yake mwenyewe hawezi kuyajibu. Chuoni (nasema kile cha mkekani) tulifundishwa kwamba Sura ya Hujurati yatuamrisha kuihakikisha habari, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Utahakikishaje habari ya mtu kwa lugha asiyoisema?

Sitaki vyuo viache Kiingereza. Nataka maswali yaandikwe kwanza kwa lugha ya anayeulizwa, na utafiti ukimalizika, muhtasari wake wa Kiswahili urudi barazani ulikotoka, kabla ya kofia na joho.

Binti hakukubali kwa wepesi. "Ami, mwalimu wangu ataka Kiingereza, na kufasiri kwala siku. Tena hili neno hapa, mtu yeyote ambaye jambo lamgusa, niliiteje?" Nikamwambia wamwita mdau. Akacheka. "Ukimwambia bibi wadau, atadhani ni wale waalikwao hotelini." Hapo alinishinda. Tukafikiri, tukakubaliana aandike "wewe uliye na neno katika jambo hili."

Akayafasiri matano usiku ule. Kesho yake akaenda kwa yule mjane na daftari, akamwuliza la kwanza: tangazo lile lilikufikaje? Bibi akaanza na Pangani, aliyosimuliwa na mamake. Ilipoadhiniwa magharibi, binti alikuwa bado hajaliuliza la pili.