Redio ya Ridhaa Isidharauliwe

Wilaya ya Ngara haihitaji kufundishwa thamani ya redio. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 tu. Jirani na hapo, Lukole, Warundi waliishi kambini hadi mwaka 2008. Katika miaka hiyo habari za maji, chakula na wagonjwa zilisafiri kwa simu za upepo zilizofungwa ndani ya magari ya misaada. Mwaka 1995 ikaanzishwa Redio Kwizera, wakimbizi na wenyeji wakapata habari kwa pamoja. Kambi zilipofungwa, magari yale yaliondoka pamoja na waliojua kuyatumia.

Leo twapenda kuzungumzia njia moja ya kuurudisha ujuzi huo, nayo ni redio ya ridhaa. Hii ni redio ya kusema na kusikiliza, inayoendeshwa na raia mwenye leseni, bila malipo wala biashara. Wako watakaocheka wakisikia kwamba watu wa redio hiyo hushindana. Wasicheke kabla ya kujua mashindano yenyewe ni nini.

Kila mwaka, mwishoni mwa Oktoba, hufanyika mashindano makubwa ya sauti yaitwayo CQ World Wide. Kwa saa 48 washindani hutafutana hewani, na kila mmoja humpa mwenzake namba mbili: ubora wa mawimbi anayoyapokea, na eneo la dunia aliko. Tanzania ni eneo la 37. Rwanda na Burundi ni eneo la 36. Kwa hiyo mtu aliye Lukole yu ukingoni mwa maeneo mawili. Aidha alama za wito za nchi yetu, zinazoanza na 5H au 5I, ni adimu hewani, na kila nchi mpya humwongezea mshindani hesabu yake. Mgeni wa Ulaya hupiga kelele siku nzima asisikiwe. Mgeni wa Ngara akiita mara moja, huenda akajibiwa na wengi kwa pamoja.

Kwa anayetaka kuanza, tunashauri haya. Kwanza asikilize. Asikilize wiki nyingi, ajue wenzake huitana vipi na hunyamaza lini. Pili apate leseni kabla ya kugusa kitufe cha kurushia. Tatu asikimbilie mitambo mikubwa. Redio ya wati 100 hutumia betri ya gari ya volti 12. Lakini inaporusha huvuta kiasi cha ampea 20, kwa hiyo waya zake ziwe nene, zitoke moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi ikae karibu na betri hiyo. Antena ya robo wimbi kwa masafa ya megahezi 28 ina urefu wa meta mbili na nusu, yatosha juu ya gari. Kwa megahezi 7 ingehitaji meta 10, na hapo fimbo fupi hupoteza nguvu nyingi. Anayeanza achague masafa ya juu wakati wa mchana.

Tena asidhani kwamba lazima aseme huku akiendesha. Kanuni za mashindano hayo zinataka mitambo yote iwe ndani ya duara lenye upana wa meta 500. Basi gari lipande kilimani, lisimame, injini izimwe ili isiharibu usikivu. Liko hata kundi la chipukizi, kwa wenye leseni isiyozidi miaka mitatu.

Ndugu zetu wa visiwani watauliza: hayo yatuhusu nini? Yanawahusu sana. Mpango wa kimataifa wa redio za visiwa hutambua visiwa vya bahari tu. Unguja na Pemba vimo, Ukerewe na Goziba havimo. Lakini mashindano tuliyoyataja hayabagui: kisiwa cha ziwani ni Tanzania sawa na Lukole, na betri ya mashua ni sawa na ya gari. Ziwa hili lilimeza MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitetemeka Bukoba. Hatusemi kwamba redio ya ridhaa ingezuia misiba hiyo, wala kwamba ni badala ya maboya na redio za vyombo vya majini. Tunasema kwamba mtu aliyezoea kupokea namba mia katikati ya kelele bila kukosea, kwa umeme wa betri, anafaa sana siku minara ya simu inaponyamaza. Kanuni za kimataifa zenyewe zinaruhusu redio hizi kupeleka ujumbe wa watu wengine wakati wa maafa.

Kwa wakuu wanaohusika tuna ombi. Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo itoayo leseni, na ina ofisi ya Kanda ya Ziwa Mwanza. Ofisi hiyo iwe mlango wa mwombaji wa Ngara, Biharamulo na visiwani, ili asilazimike kufunga safari ya Dar es Salaam. Viongozi wa wilaya nao waijue leseni hiyo waionapo. Kijana anayesimamisha antena karibu na mpaka aulizwe karatasi zake kwa heshima; akiwa nazo, aachwe aendelee. Asipokuwa nazo, aelekezwe pa kuzipata. Na kamati za maafa ziwaandikishe wenye leseni mapema, kwa majina na mahali walipo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 1994 simu za upepo zililetwa Ngara na wageni. Safari ijayo ziwe zimo mikononi mwa wenyeji.