Afya Nyumbani: Mpira Umetulia, Moyo Unakwenda Mbio



Michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA inapokaribia, akina mama hapa Tabora huniuliza jambo moja: "Sista, binti yangu hufunga vizuri mazoezini, lakini siku ya mashindano mikono hutetemeka, tumbo humsokota, hata chai hanywi. Je, ni ugonjwa?"

Mara nyingi si ugonjwa, ni hofu. Mtu akiogopa, mwili hutoa homoni iitwayo adrenalini. Moyo hupiga haraka, pumzi hufupika, viganja hutoa jasho na misuli hukaza. Mkimbiaji aweza kufaidika. Anayetakiwa kulenga kwa utulivu hupata shida.

Wachezaji wa gofu wanalijua sana jambo hili. Mpira wao umekaa chini kimya, wala hakuna anayewanyang'anya. Pigo moja huchukua sekunde mbili hivi, lakini kumaliza mashimo 18 huchukua kama saa nne. Muda mwingi uliobaki ni kutembea na mawazo. Anayeendelea kulilia pigo lililoharibika huharibu na linalofuata. Mfungaji wa netiboli yuko katika hali kama hiyo: akipata mpira ana sekunde tatu tu, na mlinzi haruhusiwi kumgusa. Hapo hushindana na moyo wake.

Elimu hii si ngeni Unyanyembe. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya kilo 30 hivi kutoka hapa hadi Bagamoyo, kiasi cha kilomita 800. Wengine walifuatana na wake zao. Aliyeiwaza safari yote kwa mara moja angekata tamaa kabla ya kufika Ugogo. Lakini mbele alikuwapo kirangozi, njiani ziliimbwa nyimbo, na kazi ya leo ilikuwa kufika kambi ya leo.

Mfundishe mwanao hivyo hivyo:

1. Pumzi. Avute hewa kwa pua akihesabu hadi nne, aitoe polepole kwa mdomo akihesabu hadi sita. Arudie mara tano kabla ya mchezo. Kutoa pumzi polepole hutuliza mapigo ya moyo.

2. Utaratibu mmoja. Aweke miguu sawa, atazame pete, atoe pumzi, arushe. Mazoezini na mashindanoni iwe vile vile, ili mwili usione jambo geni.

3. Neno fupi. Achague neno la kujiambia, kama "taratibu." Wapagazi walikuwa na wimbo, naye awe na neno lake.

4. Kosa libaki nyuma. Maji yakimwagika hayazoleki. Akikosa, aangalie mpira unaofuata.

5. Chakula. Saa mbili kabla ya mchezo anywe uji wenye asali yetu kidogo, na maji ya kutosha. Tumbo tupu huongeza kutetemeka.

Sasa neno kwetu wazazi. Wako watoto wanaoacha michezo kabisa, si kwa kushindwa uwanjani, bali kwa maneno ya nyumbani. Ukimwambia "usituaibishe," umemtwika mzigo wa pili juu ya ule alio nao. Mkumbuke John Stephen Akhwari. Katika mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico, mwaka 1968, alianguka akaumia goti, akamaliza wa mwisho kati ya 57 waliofika, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Hata hivyo Watanzania wanamtaja kwa heshima hadi leo. Mtoto anayejua kwamba atapokewa vile vile, ashinde ashindwe, mikono yake hutulia.

Lakini tuwe macho, si kila dalili ni hofu. Mtoto anayezimia akikimbia, anayeumwa kifua, anayepumua kwa mlio, au anayekosa usingizi kwa majuma kadhaa, apelekwe zahanati au kituo cha afya bila kuchelewa.

Mechi ijayo, mama, ukipata nafasi nenda ukakae ukingoni mwa uwanja. Akifunga, shangilia. Akikosa, mpigie makofi, kisha mkifika nyumbani mpe chakula kabla ya kumuuliza matokeo.

Tuonane mwezi ujao.