Tuvuke Ziwa Tukaone Idjwi

Sisi wa Goma twazoea kuutazama moshi wa Nyiragongo, tukasahau kutazama upande wa kusini. Huko kipo Idjwi, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Kivu. Yafaa tukakizuru.

Wahavu walikuwa na Mwami wao kisiwani kabla Wazungu hawajafika. Baadaye Wajerumani na Wabelgiji walikigombania, hata mapatano ya mwaka 1910 yakakitia upande wa Kongo.

Katika ziwa hili hamna mamba. Jioni twaona mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, na wavuvi wakipiga kasia kwa nyimbo. Usiku huwavuta sambaza kwa taa. Samaki hao si wenyeji: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959.

Lakini tusistarehe tu kwa macho. Mwaka 1994 wakimbizi wengi wa Rwanda walivuka maji, wakapokewa kisiwani. Kwa kuni na makao yao miti mingi ilikatwa. Tena wenyeji wenyewe wameongezeka, na mashamba yamepanda milimani. Mvua ikinyesha juu ya mlima mtupu, huteremsha udongo ziwani, wala udongo huo haurudi.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi tukienda Idjwi, tusirudi na mananasi tu. Tumwulize mwenyeji ni wapi panapohitaji mche, nasi tuinamishe mgongo tuupande.