Hadithi ya grupu la WhatsApp: anayeongea ni wewe au ni mhusika wako?

Zamani hadithi ilikuwa na msimuliaji mmoja na wasikilizaji wengi. Kwenye simu inaweza kuwa tofauti. Watu wanaingia kwenye grupu la WhatsApp, kila mmoja anachagua mhusika wake, na hadithi inatungwa na wote kwa zamu. Huyu ni mwenyekiti wa kijiji, yule ni mganga, mwingine ni binti aliyerudi kutoka Dar es Salaam na begi ambalo hataki lifunguliwe. Hakuna anayejua kesho kitatokea nini, na raha yenyewe ndiyo hiyo.

Mchezo huu hauna ubaya, na sisi tunaona una faida: unafundisha kuandika, na bando lake ni dogo kuliko la video. Lakini unahitaji kanuni kabla haujaanza. Tunaeleza hapa kwa nini, hasa kwa sisi wa mikoa hii ya kati.

Tuseme vijana ishirini wa Zuzu, kata iliyo magharibi mwa mji wa Dodoma, wameanzisha grupu la namna hiyo. (Wageni hulicheka jina la Zuzu, kwa sababu kwa Kiswahili zuzu ni mtu aliyepumbaa. Vijana wa mfano wetu si mazuzu hata kidogo.) Saa tatu usiku, anayecheza mganga anaandika: "Gari jeupe limeingia kijijini. Wamebeba vifaa vya kunyonya damu. Fungieni watoto ndani." Grupu zima linacheka, mwenyekiti wa kubuni anaitisha mkutano wa kubuni. Mmoja wao, kwa kufurahi, anausambaza ujumbe ule kwenye grupu la ukoo wake. Huko hakuna anayejua habari za mchezo. Mjomba anausoma akiwa gizani, na kesho yake kuna gari jeupe linapita kweli.

Huo ni mfano wa kubuni. Lakini yaliyotokea Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, hapa hapa mkoani Dodoma, hayakuwa ya kubuni. Mwezi Oktoba 2016 watafiti wawili wa kilimo waliotoka Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na wanakijiji waliodhani ni wanyonya damu. Gari lao lilichomwa moto. Walikuwa kazini. Uvumi ule haukutoka kwenye hadithi ya simu, na hatusemi hivyo. Tunachosema ni kwamba hofu ya mumiani ipo tayari katika vijiji vyetu, inangoja tu mtu wa kuiamsha, na ujumbe wa hadithi ukitoka nje ya grupu bila alama unaweza kuiamsha sawasawa na uongo wa makusudi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni alama. Kila ujumbe wa hadithi uanze na neno HADITHI, kisha jina la mhusika, ndipo maneno yenyewe yafuate. Wengine watasema inatosha kuandika kwenye maelezo ya grupu kwamba hapa ni mahali pa hadithi. Haitoshi. Ujumbe unaposambazwa, maelezo ya grupu hayaendi nao; unaondoka peke yake kama mtoto aliyetumwa dukani. Alama lazima iwe ndani ya ujumbe. Na mtu anapotaka kusema jambo lake mwenyewe, kwa mfano kwamba anakwenda shamba na hatakuwepo hadi jioni, aliweke kwenye mabano. Ndani ya mabano ni wewe, nje ya mabano ni mhusika wako. Kama sauti za simu zinatumika, mtu aseme hivyo hivyo mwanzoni mwa sauti.

Redio inaijua shida hii siku nyingi. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, wenye dereva wa lori aitwaye Mkwaju na mkewe Tunu, uliohusu Ukimwi na uzazi wa mpango. Mchezo wa redio una muziki wake wa kufungulia na saa yake maalumu. Anayefungua redio anajua sasa ni mchezo, baadaye ni taarifa ya habari. Kwa bahati, watu wa Dodoma walichelewa kumfahamu Mkwaju: kituo cha kurushia matangazo cha hapa hakikurusha mchezo huo hadi mwaka 1995, kwa sababu watafiti walitaka kulinganisha waliousikia na wasiousikia. Simu haina muziki wa kufungulia. Tangazo la msiba, bei ya zabibu na maneno ya mganga wa kubuni vyote vinaingia kwa mlio mmoja.

Kanuni ya pili ni ngumu zaidi, nayo ni hii: usimwendeshe mhusika wa mwenzako. Unaweza kuandika kwamba mhusika wako amerusha jiwe. Kama jiwe limempata yule mwingine, ataandika mwenyewe.

Ilijulikana mapema kwamba jambo hili linaumiza. Mwaka huo huo wa 1993 kulikuwa na mchezo wa maandishi wa kompyuta uitwao LambdaMOO, uliowekwa kwenye mtambo wa kampuni ya Xerox huko California, Marekani. Watu wa mbali waliingia humo na kuongea kupitia wahusika wao. Usiku mmoja mchezaji aliyejiita Mr. Bungle alitumia ujanja wa programu kuwafanya wahusika wa wengine waonekane wakitenda mambo machafu hadharani. Hakuna aliyeguswa mwili, lakini wenye wahusika hao waliumia kweli. Grupu lile halikuwa na kanuni ya kumhukumu. Walijadiliana hadi mmoja wa wasimamizi akaamua mwenyewe kumfuta, na baada ya hapo mwanzilishi, Pavel Curtis, akaweka utaratibu wa wanachama kupiga kura juu ya mambo kama hayo.

Wale hawakujuana sura. Sisi tunajuana. Ukiandika kwamba binti wa kwenye hadithi amefumaniwa na mwalimu, na kila mtu anajua nani anamcheza binti huyo, kesho kisimani watu watamtazama msichana wa kweli. Ndiyo maana tunashauri majina yote yawe ya kutunga, kijiji kiwe cha kutunga, na mtendaji wa kata, mchungaji au shehe wa kweli asiingizwe kabisa.

Wazee wetu wanalielewa jambo hili kupitia utani. Mtani anaweza kukutukana, kukudai ng'ombe, hata kumwigiza marehemu msibani watu wakacheka wakiwa na machozi. Lakini si kila mtu ni mtani wako. Maneno yale yale yakitoka kwa asiye mtani ni ugomvi. Mpaka wa utani haujaandikwa popote, ila kila mtu anaujua tangu utotoni. Mpaka wa grupu lililoanza juzi hakuna aliyelelewa nao.

Kuna pia sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inakataza kuchapisha taarifa unayojua ni ya uongo kwa nia ya kupotosha umma, kukashifu au kutishia. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kifungu cha 15 kinakataza kujifanya mtu mwingine. Hadithi yenye alama si jaribio la kumdanganya mtu. Isiyo na alama inakuachia wewe kazi ya kueleza nia yako mbele ya polisi, na laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole.

Mengine ni mafupi. Watoto wasiwe kwenye grupu la watu wazima, na mambo ya mapenzi yasiandikwe wakiwemo. Mhusika asiombe pesa kamwe, hata kwa mzaha. Msimamizi awe zaidi ya mmoja, kwa sababu akilala mmoja, mwingine atafuta ujumbe mbaya kwa wote; WhatsApp inampa msimamizi uwezo huo. Ujumbe ukishatoka bila alama, aliyeutoa aende kwenye grupu alikoupeleka aseme wazi kwamba ilikuwa hadithi, usiku ule ule.

Na mtu akijitoa? Mhusika wake asiuawe bila kuulizwa. Asafiri tu, akalime Kiteto. Jambo hili linaonekana dogo hadi siku mmoja wenu atakapotaka kuiuza hadithi kama kitabu au kuileta redioni. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi iliyotungwa na wengi ni mali ya wote walioitunga, akiwemo yule aliyeondoka mwezi wa pili na kubadilisha namba.