Risala ya Wapagazi wa Mlima Kilimanjaro Watokao Dodoma na Singida kwa Waheshimiwa Wabunge

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati,
Waheshimiwa Wabunge,

Sisi ni wapagazi. Tumezaliwa Kondoa, Chamwino, Bahi, Mpwapwa, Manyoni na Iramba, na kazi yetu ni kubeba mizigo ya wageni wanaopanda Mlima Kilimanjaro. Tunashukuru kupewa nafasi ya kusema mbele yenu hapa Dodoma, nyumbani kwetu, ambako ndiko sheria zinazotuhusu hupitishwa.

Huenda baadhi yenu mnajiuliza Mgogo au Mnyiramba amefuata nini Kilimanjaro. Huku kwetu msimu wa mvua ni mmoja. Mtama na uwele vikishavunwa, kuanzia Juni mpaka mvua zirudi mwishoni mwa mwaka, kijana asiye na ng'ombe wala shamba la umwagiliaji hana la kufanya kijijini. Miezi hiyo hiyo ya ukavu ndiyo wageni wanapofurika mlimani. Basi tunapanda gari la Arusha kupitia Kondoa na Babati, kisha tunaendelea hadi Moshi na begi moja na namba ya simu ya ndugu aliyetutangulia. Fedha tunazorudi nazo ndizo zinazolipa bati, mbegu na mahitaji ya shule ya wadogo zetu.

Kubeba mizigo si jambo geni katika nchi hii ya kati. Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo, na pembe za ndovu na majora ya nguo yalipita hapa vichwani mwa watu. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani, na baada yao Waingereza, walichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubebea majeshi mizigo. Mashamba yakakosa mikono, mvua ikagoma, na njaa ya Mtunya ikaua watu kwa maelfu kati ya 1917 na 1920. Wapo wapagazi wengi ambao hawakurudi, na familia zao hazikuwa na mlango wa kubisha hodi. Hayo yalitendwa na wakoloni. Usiku wa kuamkia Uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge kwenye kilele cha Kibo, juu ya Kilimanjaro, na kilele kile cha mita 5,895 sasa kinaitwa Uhuru. Mheshimiwa Mwenyekiti, anayebeba mzigo kwenye mlima wenye kilele cha jina hilo asingepaswa kukosa mlango wa kubisha hodi.

Kilio chetu cha kwanza, na ndicho kilichozaa vingine vyote, ni kwamba tunafanya kazi bila karatasi. Kijana anapigiwa simu usiku aambiwe awe kwenye geti la hifadhi asubuhi. Hajui njia ni ya siku sita au nane, hajui atalipwa kiasi gani wala lini. Anapanda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi: kazi ni ipi, muda gani, mahali gani, ujira kiasi gani. Sheria hiyo hiyo inautambua mkataba wa kazi maalumu, na sisi hatuoni kazi inayoingia humo vizuri kuliko safari ya mlima, ambayo ina tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha na orodha ya majina. Tunaambiwa sisi ni vibarua wa siku. Kibarua wa siku hulala kwake. Sisi tunalala kwenye kambi za mlimani za Shira, Barranco, Karanga na Barafu, chini ya amri ya mtu mmoja, usiku na mchana.

Dai letu ni hili: kampuni isiruhusiwe kuvuka geti bila kuwasilisha mkataba wa kila mpagazi, uliosainiwa na pande zote mbili, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu. Hili haliongezi ofisi mpya. Getini tayari kuna orodha ya majina, kuna stakabadhi za ada, kuna mzani. Mgeni hapiti bila kibali chake. Na mpagazi asipitishwe bila mkataba wake.

Tumetaja mzani, nao una habari yake. Kikomo cha mzigo ni kilo 20, mbali na nguo zetu wenyewe, na asubuhi ya kuanza mizigo hupimwa mbele ya askari wa hifadhi. Tunaushukuru utaratibu huo, kwani waliotutangulia walibeba zaidi. Lakini zipo kampuni ambazo wapagazi wakishafika kambi ya kwanza, wawili watatu huambiwa washuke, ati wamezidi. Mizigo yao haishuki. Hema la chakula, mtungi wa gesi, meza na viti, choo cha kubeba cha wageni, vyote hugawanywa kwa waliobaki. Siku chache baadaye mnafika ukuta wa Barranco. Pale njia ni mwamba mtupu: mkono mmoja unashika jiwe, mwingine umeshika mzigo kichwani, mguu unatafuta pa kukanyaga pasipoonekana kwa sababu shingo haiinami. Mgeni aliye mbele ana fimbo mbili na mkoba wa maji. Kijana mwenye kilo 28 kwenye ukuta ule akiteleza hana mkono wa tatu. Tunaomba mizani iwepo pia kwenye kambi za katikati, na upimaji ufanywe bila taarifa. Anayeshushwa kwa amri ya kampuni alipwe safari yote aliyoandikiwa.

Kuhusu ujira, kwa miaka mingi tumesikia dola 10 kwa siku zikitajwa kuwa kima cha chini cha mpagazi. Wengi wetu tumelipwa nusu yake, na wapo waliolipwa kwa ahadi. Hatusemi kampuni zote ni hivyo. Zipo zinazolipa kwa simu siku ile ile ya kushuka, zinazotulisha mara tatu na kutulaza kwenye hema zima, na wageni wao hawapungui. Hizo ndizo zinazotupa ujasiri wa kusema kwamba jambo hili linawezekana. Ila kampuni inayolipa vizuri inashindana sokoni na inayouza safari kwa bei ya kutupa, na bei ile ya kutupa inatoka mifukoni mwetu. Mgeni mtu mzima kutoka nje anatozwa ada ya hifadhi ya dola 70 kwa siku kabla ya kodi, na hakuna kampuni inayothubutu kumwombea punguzo. Tunataka kima cha chini cha wapagazi kiwe na nguvu ile ile: kitajwe kwenye amri ya mishahara, kihuishwe bei za vitu zinapopanda, na kampuni inayokikiuka isihuishiwe leseni yake ya utalii.

Na tipu, Mheshimiwa. Siku ya mwisho mgeni hutoa bahasha kwa kiongozi wa msafara, watu wanapiga makofi na kuimba. Kilichomo hatusomewi. Baadaye mjini kila mtu anapewa chake na kuambiwa ashukuru. Wageni wengi wanaondoka wakiamini wametugawia sawasawa. Tunaomba iwe kanuni kwamba kiasi kitajwe kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya wote, na mgawo ubandikwe kabla ya safari kuanza.

Sasa ugonjwa na ajali. Usiku wa Barafu, kwenye mita zaidi ya 4,600, maji ya kwenye ndoo huganda. Mpagazi aliyekulia Bahi, ambako joto ndilo tulilozoea, analala na koti la kuazima na viatu vilivyoachwa na mgeni, namba si yake, soli imefumuka. Ugonjwa wa mwinuko haumchagui mgeni. Ukizidi, unaweza kujaza maji mapafuni mwa yeyote. Mgeni hulipa ada ya uokoaji, na mara nyingi huja na bima yake. Mwenzetu akianza kuweweseka, jambo la kwanza kuulizwa ni nani atabeba mzigo wake. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 inaweka mchango juu ya mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Bado kwa wengi wetu mchango haupelekwi, kwa sababu kwenye vitabu vya kampuni hatupo. Aliyevunjika mguu anarudishwa kwa basi hadi Manyoni na pole ya shilingi elfu hamsini, na mama yake ndiye anayekuwa hospitali. Hapa hatuombi sheria mpya. Tunaomba jina la mpagazi lionekane kwenye orodha ya michango kabla halijaonekana kwenye orodha ya geti, na mkaguzi wa usalama mahali pa kazi apande mlima, asiishie Moshi mjini.

Malalamiko ya ujira hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na muda wake ni siku 60. Mtu aliyemaliza msimu Oktoba, akarudi kulima Novemba, muda humkuta shambani. Tunaomba Tume iweke madawati ya muda karibu na mageti ya Marangu, Machame na Londorosi wakati wa msimu, au ipokee malalamiko ya wapagazi hapa Dodoma na Singida.

Mlima wenyewe pia ni wetu. Oktoba 2020 moto ulipowaka, wanavijiji, wanafunzi wa chuo cha Mweka na watu wa kazi za mlima walipanda kuuzima kwa matawi na majembe. Barafu ya Kibo iliyopimwa 1912 imeyeyuka kwa zaidi ya asilimia 80, na sisi tunaopita pale kila mwaka tunaiona inavyorudi nyuma. Hata hivyo, Serikali ilipozungumzia mradi wa magari ya kamba mlimani mwaka 2019, tulisoma habari hiyo magazetini kama watu wengine. Hatuji hapa kupinga wala kuunga mkono. Tunadai kwamba mradi wowote unaogusa maelfu ya wapagazi usikatiwe shauri mpaka tuwe tumeitwa mezani, pamoja na wenzetu wa Rombo, Moshi, Hai na Siha ambao ndio wengi katika kazi hii na ambao dhiki yao ni hii hii.

Waheshimiwa, tunaomba majibu ya maandishi kabla ya Juni, msimu unapofunguliwa, ili kijana anayekata tiketi ya basi hapa Dodoma ajue anakwenda kwenye kazi ya namna gani.

Tunaomba kuwasilisha.