Antivirusi ya biashara: bei isiwe swali la kwanza

Katika depo, famasia na biro nyingi za Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, daftari la madeni limehamia ndani ya ordinatere. Humo ndimo kuna stoki, mishahara, fakture na majina ya wateja. Lakini siku ya kuchagua antivirusi, wakubwa wengi wanauliza jambo moja tu: ni feza ngapi? Wengine wanamuita kijana wa mutaa awawekee ile iliyovunjwa ufunguo, kwa dola chache. Hapo ndipo hasara inaanzia.

Antivirusi ya wizi ni sawa na kumupatia mwizi kazi ya ulinzi. Ili ifanye kazi bila kulipiwa, mara nyingi inabidi kwanza kuzima ulinzi wa ordinatere na kufungua faili iliyotengenezwa na mutu asiyejulikana. Tena haisasishwi kwa uhakika, yaani haipokei orodha ya virusi vipya. Mulinzi asiyejua sura ya mwizi wa leo atamuacha apite.

Ukosefu wa feza si sababu. Windows 10 na Windows 11 zinakuja na Microsoft Defender ndani, bila malipo ya ziada. Kwa duka lenye ordinatere mbili ao tatu, hiyo inafaa kuliko ya wizi, mradi iwe imewashwa na inasasishwa. Lakini Microsoft ilimaliza musaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye kuitumia bado afikirie kubadilisha. Na neno "bure" lisomwe vizuri. Kuna antivirusi za bure zinazoruhusiwa nyumbani tu, si kazini. Mwaka 2024, tume ya biashara ya Marekani (FTC) iliitoza kampuni ya Avast dola milioni 16,5 kwa kuuza habari za kurasa ambazo watumiaji wake walikuwa wanatembelea.

Kampuni yenye ordinatere nyingi ni heri ilipe, lakini iulize kwanza. Je, ordinatere moja inaweza kupakua masasisho na kuyagawia zingine, wakati mega ni ghali? Je, fleshi inachunguzwa mara tu inapoingizwa? Fleshi inayotoka sibere kutoa kopi ndiyo njia rahisi ya virusi katika muji ambao intaneti inakatika kila mara. Je, programu hiyo haitalemea mashini ya zamani? Majibu yasitoke kwa muuzaji peke yake: AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria zinapima programu hizi na kutangaza matokeo kwa wote.

Hata hivyo, antivirusi nzuri haitoshi. Mwezi wa Juni 2017, virusi vinavyoitwa NotPetya viliingia kupitia masasisho ya programu ya hesabu inayotumiwa Ukraine, na vikaangusha Maersk, kampuni kubwa ya meli ya Denmark. Ilibidi iweke upya ordinatere 45 000 na seva 4 000. Hasara ilihesabiwa kuwa kati ya dola milioni 250 na 300. Kopi iliyosaidia kujenga upya mutandao wake ilipatikana Ghana: umeme ulikuwa umekatika huko, na mashini hiyo haikuwa kwenye mutandao wakati virusi vilipopita.

Yaliyotokea Ghana kwa bahati, mufanyabiashara wa mashariki mwa Congo anaweza kuyafanya kwa makusudi. Diski ya inje, kopi ya hesabu kila jioni ya kazi, kisha diski inachomolewa na kufungiwa fasi ingine. Diski inayobaki imechomekwa usiku kucha itaharibika pamoja na ordinatere.

Kazi hiyo ipewe mutu anayejulikana kwa jina, siyo "wote", na mukubwa mwenyewe ajaribu mara moja kwa mwezi kufungua kopi hiyo. Mudeni hatakumbusha deni ambalo ordinatere imelisahau.